Lubumbashi: Namna kerneli ya Linux ilivyojifunza kusema « bado » bila kusimamisha mstari mzima

Mtu anayetumia simu ya Android mjini Lubumbashi anaufahamu ujumbe wa Kifaransa unaotokea katikati ya kioo: « l'application ne répond pas ». Chini yake kuna njia mbili tu, kuifunga programu ama kungoja. Wengi hulaumu mtandao, wengine husema simu imezeeka. Lakini kuna nyakati ambapo mtandao hauna kosa lolote. Programu imeomba kitu kwenye hifadhi ya simu yenyewe, na tangu hapo imesimama: haisikii kidole, haibadilishi picha kwenye kioo, haifanyi kazi nyingine. Android huhesabu sekunde 5. Zikipita bila programu kujibu mguso wa mtu, mfumo unatoa ujumbe huo.

Nyuma ya tukio hilo dogo kuna swali ambalo mafundi wa kompyuta wamelibeba kwa miaka mingi: programu ifanye nini ikiomba faili, na faili haiko tayari? Linux, kiini kinachoendesha simu za Android na sehemu kubwa ya seva za dunia, ilizaliwa mwaka 1991. Lakini njia ya wazi ya kusoma faili ya kawaida bila kusimama, kwa namna ambayo programu nyingi husoma kila siku, iliingia mwaka 2017 tu.

Kwa vijana wanaosoma informatiki katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), katika shule kuu ya informatiki ESIS Salama na katika vyuo vingine vya mji, jambo hili haliko mbali. Linaamua seva moja itahudumia watu wangapi kwa wakati mmoja. Na katika mji ambapo umeme hukatika bila kupiga hodi, linagusa pia swali la kama malipo ya mteja yataonekana tena mashine ikiwaka.

Dosie iko mezani ama iko depo?

Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimama kati ya vifaa na programu zote nyingine. WhatsApp, programu ya benki ama seva ya shule haigusi diski kwa mkono wake, inaiomba kerneli. Ikitaka faili, kerneli huifungua na kuipa programu namba, ambayo ni kishikio cha faili hiyo. Baadaye programu itasema: kwa kishikio namba 7, nisomee baiti 4.000. Kisha inangoja.

Shida yote iko katika kungoja huko. Itoshe kufikiria gishe ya ofisi yoyote. Mtumishi ni mmoja na mstari ni mrefu. Mtu wa kwanza anaomba dosie yake. Kama iko mezani, anapewa mara moja na mstari unasonga. Kama iko depo, nyuma ya jengo, mtumishi anaacha gishe na kwenda kuitafuta yeye mwenyewe. Wote wanasimama, hata wale ambao dosie zao ziko mezani tayari.

Katika kompyuta, meza ni kumbukumbu ya RAM, ambapo kerneli huweka nakala za faili zilizosomwa karibuni. Depo ni diski. Umbali kati ya hizo mbili ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. RAM hujibu kwa muda wa nanosekunde kama 100. Diski ya kuzunguka inahitaji milisekunde kama 10 kufika mahali data ilipo. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja hivi. Diski mpya zisizozunguka zimepunguza umbali huo sana, lakini hazijaumaliza, na hifadhi ya simu ya bei ndogo iliyojaa picha na video hupungua mwendo zaidi.

Kuongeza operesheni zisizozuia kwenye vishikio vya faili maana yake ni kumpa mtumishi wa gishe ruhusa ya kusema: « Bado, dosie yako iko depo, kaa kando kidogo », halafu amhudumie anayefuata. Dosie haifiki haraka zaidi kwa sababu hiyo, lakini watu wengine hawalipi kwa ajili ya dosie isiyo yao.

Mtandao ulijibiwa mapema, diski ikaachwa

Kwa upande wa mtandao, ruhusa hiyo ni ya zamani. Mwaka 1983, mfumo wa Unix uliotengenezwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, toleo la 4.2BSD, ulileta wito uitwao select. Programu iliweza kuuliza: kati ya vishikio hivi vyote, ni vipi vyenye kitu tayari? Mwaka 1988 kanuni ya POSIX iliweka alama ya O_NONBLOCK. Kishikio chenye alama hiyo hakisimamishi programu. Kama hakuna data, kerneli inarudisha jibu la EAGAIN, yaani « jaribu tena ».

Lakini kanuni hizo zilikuwa na pengo. Kwa faili ya kawaida iliyo kwenye diski, select daima hujibu kwamba iko tayari, hata kama haiko. O_NONBLOCK nayo inakubaliwa bila kosa, kisha haibadilishi kitu. Programu inaweza kuamini kwamba haitasimama, na bado ikasimama.

Waliotunga mifumo hiyo walikuwa na sababu. Mtu wa upande wa pili wa mtandao anaweza kukaa saa nzima bila kutuma neno, ama asitume kabisa. Diski iko ndani ya mashine hiyo hiyo, na ikiombwa itajibu. Kwao, kungoja diski hakukuwa kungoja kwa kweli. Ndiyo sababu mpaka leo, mwanafunzi anayetazama orodha ya programu zinazotembea katika Linux anaweza kukuta moja yenye herufi D. Imelala ikingoja kifaa, mara nyingi diski, na katika hali hiyo ishara ya kuiua haifanyi kazi mpaka kifaa kijibu.

Fikira hiyo ilitosha wakati seva moja ilihudumia watu wachache. Mwaka 1999, mhandisi Mmarekani Dan Kegel aliandika kuhusu swali lililokuja kuwa maarufu: seva moja inawezaje kuhudumia wateja 10.000 kwa pamoja? Jibu lilikuwa kuacha desturi ya kumpa kila mteja mtumishi wake. Badala yake, mtumishi mmoja azunguke kati ya wateja wote, akimshughulikia yule tu aliye tayari.

Linux ilipata chombo cha kazi hiyo mwaka 2002, kiitwacho epoll, kilichotengenezwa na Davide Libenzi. Juu ya fikira hiyo zikajengwa programu zinazobeba sehemu kubwa ya intaneti ya leo: seva ya nginx ya Mrusi Igor Sysoev, iliyotolewa mwaka 2004, na Node.js ya Ryan Dahl, iliyotolewa mwaka 2009, ambayo vijana wengi wanaotengeneza tovuti wanaijua.

Hata hivyo, ukiipa epoll kishikio cha faili ya kawaida, inakikataa na kurudisha kosa. Kwa hiyo mtumishi mmoja aliyezunguka vizuri kati ya maelfu ya wateja wa mtandao alikuwa akifika kwenye diski, na hapo kila kitu kinasimama. Faili moja isiyo mezani ilitosha kuwangojesha wateja wote waliokuwa mikononi mwake.

Watumishi wa pembeni, na gharama yao

Mafundi walitafuta njia ya kuzunguka. Node.js huweka pembeni watumishi wasaidizi, ambao katika informatiki huitwa nyuzi. Ni 4 kama mwenye programu hakubadilisha hesabu hiyo. Kila ombi la faili linapelekwa kwao, ili mtumishi mkuu asiondoke gishe. nginx ilikuja kufanya vilevile mwaka 2015, na watengenezaji wake walieleza kwamba katika jaribio lao, ambapo faili nyingi hazikuweza kukaa katika RAM, kazi iliongezeka mara 9.

Njia hii inafanya kazi, lakini ina kasoro moja. Mtumishi mkuu hana namna ya kujua kama dosie iko mezani ama depo. Basi anawapelekea wasaidizi maombi yote, hata yale ambayo angeweza kuyajibu yeye mwenyewe kwa kunyoosha mkono. Katika seva nyingi, sehemu kubwa ya faili zinazoombwa ziko mezani tayari, kwa sababu ndizo zinazoombwa kila wakati. Kila ombi kama hilo linalipa safari ya kwenda kwa msaidizi na kurudi, bila sababu.

Tena wasaidizi wanne wakienda depo wote kwa pamoja, ombi la tano linangoja, hata kama dosie yake iko mezani. Mstari umehama tu kutoka mbele ya gishe kwenda nyuma yake.

Pendekezo la mwaka 2014

Mwezi wa Septemba 2014, mtengenezaji wa programu Milosz Tanski alituma kwenye orodha ya barua pepe ya watengenezaji wa kerneli pendekezo la kuziba pengo hilo. Aliomba wito mpya wa kusoma wenye alama moja ya ziada, inayosema: nisomee kama iko mezani, na kama haiko, usiende depo, niambie tu. Programu ingejaribu kwanza yenyewe. Ikijibiwa « bado », hapo tu ndipo ingempelekea msaidizi. Watu wa Samba, programu inayotumiwa kugawana faili katika mitandao ya ofisi, walikuwa kati ya waliohitaji kitu cha namna hiyo.

Pendekezo halikupita haraka. Andrew Morton, mmoja wa wasimamizi wakongwe wa kerneli, aliuliza kwa nini isitumike njia nyingine, wito wa kuuliza tu kama faili iko katika kumbukumbu. Programu ingeuliza kwanza, kisha ingesoma kwa njia ya kawaida.

Waliounga mkono pendekezo waliona hatari katika hatua hizo mbili. Kati ya kuuliza na kusoma kuna nafasi, ndogo lakini ya kweli. Mtu anaambiwa dosie yake iko mezani. Kabla hajafika gishe, meza imejaa na dosie imerudishwa depo. Anaomba akiamini jibu la kwanza, na mtumishi anaondoka. Mstari unasimama kama zamani, tena kwa namna isiyotabirika. Hakuna uhakika kama kuuliza na kuchukua si tendo moja.

Mjadala ulichukua muda. Mwezi wa Mei 2016, toleo la 4.6 la Linux lilipokea miito mipya, preadv2 na pwritev2, yenye nafasi ya alama za ziada, lakini alama ya kutongoja haikuwamo bado. Mwaka 2017 mambo yakatimia katika hatua mbili. Toleo la 4.13, la mwezi wa Septemba, lilileta kazi ya Goldwyn Rodrigues wa kampuni ya SUSE kwa wale wanaosoma na kuandika moja kwa moja kwenye diski bila kupitia meza ya RAM. Toleo la 4.14, la mwezi wa Novemba, likaleta kazi ya Christoph Hellwig kwa usomaji wa kawaida unaopitia RAM, katika mifumo ya faili kama ext4 na XFS. Alama yenyewe inaitwa RWF_NOWAIT.

Kwa nini alama moja ilikuwa kazi kubwa?

Mtu anaweza kushangaa kwamba alama moja ilihitaji miaka mitatu. Sehemu ya jibu ni kwamba ndani ya kerneli hakuna mahali pamoja pa kungojea. Ombi moja la faili linapita milango mingi, na katika kila mlango linaweza kulala usingizi.

Mlango wa kwanza ni kufuli la faili. Programu nyingine inaweza kuwa inaandika katika faili ile ile, na kerneli hungoja amalize. Mwingine ni data yenyewe, ambayo huenda imekwisha kuombwa diski lakini haijafika. Kwa anayeandika, kuna mlango wa kutafuta nafasi mpya kwenye diski. Na kuna mlango wa kifaa chenyewe, ambacho kinaweza kuwa na maombi mengi mno.

Kuahidi « sitasimama » ni kuahidi kwa milango yote. Katika kila mmoja, mtengenezaji alipaswa kubadilisha « ngoja kufuli lifunguliwe » kuwa « jaribu kufuli, na kama limefungwa rudi na EAGAIN ». Mlango mmoja ukisahaulika, ahadi yote ni uongo, na mtu atagundua siku ile seva imelemewa kabisa. Ndiyo sababu kila mfumo wa faili ulipaswa kutangaza wenyewe kama umekuwa tayari kutimiza ahadi. Usipotangaza, kerneli inaikataa alama hiyo waziwazi, tofauti na O_NONBLOCK ya zamani iliyokubali bila kufanya kitu.

Kuna pia jibu la nusu. Kama programu imeomba baiti 8.000 na 4.000 tu ziko mezani, kerneli inaweza kuipa hizo 4.000 na kusema ni hizo. Programu iliyoandikwa bila uangalifu itadhani faili imeisha. Kwa hiyo mzigo hauondoki kabisa, sehemu yake inahamia kwa mwandishi wa programu.

Kutoka « bado » mpaka « utaitwa »

Alama ya mwaka 2017 ilifundisha kerneli kusema « bado ». Haikuifundisha kumwita mtu dosie ikifika. Hatua hiyo ilikuja na Jens Axboe, msimamizi wa sehemu ya diski katika kerneli, aliyekuwa mtumishi wa Facebook. Kazi yake inaitwa io_uring, na iliingia katika toleo la 5.1 la mwezi wa Mei 2019.

Katika io_uring, programu na kerneli zinashiriki mistari miwili katika kumbukumbu. Katika mmoja programu inaandika maombi yake, mengi kwa pamoja. Katika wa pili kerneli inaandika majibu yaliyokamilika. Kwa ombi la faili, kerneli inajaribu kwanza bila kungoja, kwa msingi ule ule wa mwaka 2017. Ikishindikana, inapanga kazi iendelee ndani yake, na programu inaendelea na wengine. Mwaka 2022, katika toleo la 6.0, uandishi wa kawaida kwenye mfumo wa XFS nao uliingizwa katika njia hiyo.

Lakini njia mpya ndani ya kerneli ni pia mlango mpya kwa wezi. Mwezi wa Juni 2023, Google ilitangaza kwamba katika shindano lake la kutafuta makosa ya usalama ya kerneli, asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa yalipitia io_uring, na kwamba ilikuwa imelipa dola milioni moja hivi kwa makosa ya sehemu hiyo peke yake. Kwa hiyo iliifungia programu za kawaida za Android, na kuizima katika seva zake yenyewe. Mtengenezaji wa programu za simu mjini Lubumbashi asiitegemee. Kwake, kanuni inabaki ile ya zamani: kusoma faili kufanywe na uzi wa pembeni, kamwe si uzi unaochora kioo. Tangu mwaka 2010 Android ina chombo kiitwacho StrictMode, kinachomwonya mtengenezaji anapovunja kanuni hiyo.

Umeme ukikatika baada ya « imefanyika »

Mpaka hapa mtu angesema kungoja ni kubaya siku zote. Kwa kuandika, si hivyo, na wakaaji wa Haut-Katanga wana sababu ya kulijua hilo kuliko wengine.

Programu inapoandika faili kwa njia ya kawaida, kerneli inapokea data, inaiweka mezani na kujibu « sawa » mara moja. Safari ya kwenda depo itafanywa baadaye. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, data inaweza kukaa katika RAM kwa sekunde kama 30 kabla kerneli haijaiona imezeeka na kuipeleka diski. Umeme ukikatika ndani ya muda huo, na mashine haina betri, data inapotea. Programu ilikuwa imekwisha kuambiwa « sawa ».

Kwa picha ya harusi, hasara ni ya machozi. Kwa pesa, ni hasara ya kweli. Huduma ya M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2012, na leo wakaaji wengi hutuma na kupokea franka na dola kwa simu kila siku. Maduka, shule na zahanati nazo zinajitengenezea programu ndogo za kuandika malipo. Mteja akiona neno la kwamba malipo yamefanyika, anaondoka. Kama neno hilo lilitolewa kabla data haijafika kwenye diski, muuzaji anaweza kuwasha mashine yake baada ya umeme kurudi na kukuta malipo hayapo.

Dawa ni wito uitwao fsync. Programu inaiambia kerneli: usinijibu mpaka data hii iwe kwenye diski kweli. Hapo lazima kungoja, na hakuna alama inayoweza kuondoa kungoja huko bila kuondoa usalama. Hata fsync yenyewe iliwahi kuleta mshtuko. Mwaka 2018, watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba diski ikishindwa kuandika, Linux inaweza kutoa taarifa ya kosa mara moja tu. Programu ikiita fsync mara ya pili, inaweza kujibiwa « sawa » ingawa data haikuandikwa. Walibadilisha programu yao: kosa likitokea, inajisimamisha yenyewe na kuanza upya kutoka kitabu chake cha kumbukumbu.

Kwa hiyo mafundi wazuri wanatenganisha mambo mawili. Mteja anayelipa anapaswa kungoja mpaka diski ithibitishe. Wateja wengine hawapaswi kungoja kwa sababu yake. fsync inaweza kupewa uzi wa pembeni, ama io_uring, na malipo ya watu wengi yanaweza kuthibitishwa kwa safari moja ya kwenda depo.

Nafasi ya vijana wa Lubumbashi

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na nyingi yake inatoka katika ardhi ya Katanga ya zamani. Inaingia katika betri za simu na kompyuta zinazotembea kwa Linux. Maamuzi juu ya programu inayoendesha vifaa hivyo huchukuliwa mbali, lakini tofauti na mgodi, hakuna uzio. Msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu, na mijadala ya miaka yote hiyo, pamoja na maswali ya Morton na majibu ya Tanski, imehifadhiwa na inasomeka bure.

Vizuizi vilivyobaki ni vya kawaida. Msimbo wa toleo moja la sasa, hata ukiwa umebanwa, unazidi megabaiti 100. Kwa mwanafunzi anayenunua megabaiti kwa siku, hiyo ni hesabu. Mijadala ni kwa Kiingereza. Maelezo ya kerneli yametafsiriwa, kwa sehemu, kwa Kichina, Kiitaliano, Kihispania, Kijapani na Kikorea, na hakuna nakala ya Kiswahili.

Lakini kujifunza jambo hili hakuhitaji seva kubwa. Kompyuta ya zamani yenye Linux inatosha. Mwanafunzi anaandika programu fupi ya kusoma faili kubwa kwa preadv2 pamoja na alama ya RWF_NOWAIT, na kuhesabu ni mara ngapi amejibiwa EAGAIN. Mara ya kwanza, mashine ikiwa imewashwa sasa hivi, hesabu itakuwa kubwa. Kisha anaisoma faili yote kwa njia ya kawaida, na kurudia. Kama RAM inatosha, hesabu inashuka karibu na sifuri. Ameona kwa macho yake tofauti kati ya meza na depo, jambo ambalo vitabu vingi hueleza kwa kurasa kumi.

Kwa asiyeandika programu, mwenye duka, mkuu wa shule ama wa zahanati anayelipa kijana amtengenezee mfumo, yanabaki maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutoa pesa ya mwisho. La kwanza: mtu mmoja akiomba ripoti ndefu, je, wengine wanaendelea kuhudumiwa? La pili: mashine ikizimika sekunde moja baada ya kuonyesha kwamba malipo yamefanyika, je, malipo yatakuwapo ikiwashwa tena? Yote mawili yanaweza kujaribiwa palepale. La pili linahitaji tu malipo ya majaribio na kuchomoa waya, kabla ya siku ambayo umeme utakatika wenyewe.